Bahasha ya Mzee Chekeche

Alhamisi ile bahasha ilipofunguliwa, Bi Mistari alikuwa amechoka kiasi kwamba hata furaha ilimkuta ameketi. Wenzake waliruka, wakapigiana makofi, mmoja akamwaga chai juu ya ripoti ya robo mwaka na wala hakuna aliyemkaripia. Yeye alibaki kwenye kiti chake chenye magurudumu manne, la tano liling'oka zamani, akasema, "Haya basi," kama mtu aliyeambiwa maji yamerudi bombani.

Hakuwa mgonjwa. Usingizi alilala vizuri tu. Ulikuwa ule uchovu wa miaka, ambao ukishaingia mwilini hauombi ruhusa ya kukaa.

Jina lake la kwenye vyeti lilikuwa limebaki huko huko kwenye vyeti. Ofisi nzima, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, ilimwita Bi Mistari, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutazama mistari. Kuna darubini kubwa iliyorushwa angani, mali ya mataifa yenye uwezo, inayokusanya mwanga wa galaksi za mbali na kuuchanua, mwanga wa kila galaksi ukawa utepe mrefu. Juu ya utepe huo hujitokeza mistari inayong'aa. Heliamu ina mahali pake, oksijeni ina pake, wala hakuna anayekalia kiti cha mwenzake. Tepe hizo ziliwafikia kwa mtandao, maelfu kwa maelfu, na Bi Mistari alizipitia moja moja mchana kutwa, katika chumba chenye feni inayolalamika na dirisha linalotazama ukuta wa karakana.

Alichokuwa anakitafuta ni alama za nyota za kwanza. Nyota hizo zilizaliwa ulimwengu ukiwa na haidrojeni na heliamu tu, basi. Oksijeni ilikuwa bado, chuma kilikuwa bado. Vyote hivyo vilikuja kupikwa ndani ya nyota zenyewe na kumwagwa zilipolipuka. Kwa hiyo anayetaka kuziona atafute galaksi ya mbali mno, ambayo mwanga wake uko safarini kwa zaidi ya miaka bilioni kumi na tatu, yenye mstari wa heliamu uliokolea, kwa sababu nyota hizo zilikuwa na moto usio wa kawaida, na mahali pa oksijeni pawe patupu. Kusema ni rahisi. Bi Mistari alikuwa anasema hivyo mwaka wa kumi na mbili sasa, na tepe elfu nne na ushei zilikuwa zimepita mbele ya macho yake, na kila alipofungua mpya aliikuta oksijeni imeshafika, imevua viatu, imekaa.

Kisha, miezi minane iliyopita, akaipata Punje. Doa dogo la mwanga kwenye safu ya 2907 ya picha, dogo kiasi kwamba ukipiga chafya karibu na skrini unahisi umelipeperusha. Heliamu imekolea. Oksijeni hakuna. Alipima tena, akapima tena, akamwomba mwenzake apime bila kumwambia anapima nini. Hakuna. Hakupiga kelele wala hakumpigia mtu simu, maana ilikuwa bado bahasha, na bahasha ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho.

Bahasha yenyewe ilikuwa mambo ya Mzee Chekeche, aliyeianzisha idara ile na kuiongoza hadi alipostaafu mwaka juzi. Jina hilo alilipata kwa sababu ukimpelekea jambo lolote, liwe zuri namna gani, alikurudishia na maneno mawili: "Chekecha tena." Yeye alikuwa haamini macho ya mtu anayetaka kitu sana. Alisema macho ya namna hiyo huanza kumwonea mwenyewe huruma, yakamletea anachokitamani. Basi kabla data mpya hazijagawiwa, alijifungia na laptopu yake akapandikiza humo galaksi chache za uongo, alizozitengeneza yeye, zikachanganyika na za kweli usiweze kuzitofautisha. Aliziita mitego. Mahali pa kila mtego alipaandika kwenye karatasi, akaitia karatasi kwenye bahasha ya kaki, akaweka sahihi yake juu ya gundi na kuifungia kwenye kabati la chuma. Watu wakapima miezi na miezi bila kujua kipi cha kweli na kipi cha Mzee. Vipimo vikishakamilika na kufungwa visibadilishwe tena, bahasha inafunguliwa mbele ya wote. Kunaswa hakukuwa aibu. Aibu ilikuwa kubisha.

Bahasha ya Alhamisi ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho aliyoifunga kabla hajaondoka. Wakati huo alikuwa ameshaanza kuacha miwani kwenye jokofu la maabara na kuwaita watu majina ya watu wengine, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulisema. Mkurugenzi wa sasa, kijana ambaye Bi Mistari ndiye aliyemfundisha kazi, aliikata kwa mkasi, akasoma kwa sauti: safu ya 1403, safu ya 2109, safu ya 0611. Akageuza karatasi nyuma. Akaichungulia bahasha ndani kama anayetafuta chenji.

"Basi," alisema. "Mitatu tu. Punje haimo."

Hapo ndipo chai ilipomwagika. Maana yake kila mtu aliijua bila kuambiwa. Idara ilikuwa ifungwe mwisho wa mwaka, watu wagawanywe kwingine, sasa isingefungwa. Makala ingetumwa Jumatatu, na jina la kwanza juu yake lingekuwa la Bi Mistari, ambaye kwa miaka kumi na miwili jina lake lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu, kwenye daftari la mahudhurio.

Yeye alikuwa bado anaiangalia karatasi. Zile namba alizifahamu. Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, ishirini na moja mwezi wa tisa, sita mwezi wa kumi na moja: siku tatu ambazo Mzee Chekeche alichukua ruhusa kila mwaka bila kukosa, na Bi Mistari akashika nafasi yake. Siku za kuzaliwa za wanawe. Hata walipokua wakaota ndevu, baba yao hakuja kazini siku hizo. Mzee wa watu, aliwaza, kumbe mitego yake aliiweka juu ya watoto wake. Akatabasamu, akavaa viatu vyake vya kutembelea, akaenda nyumbani.

Mumewe alikuwa fundi wa friji. Jioni hiyo alikuwa ametandaza vyuma vya kompresa juu ya gazeti katikati ya sebule, mahali alipoapa mara tatu hatatandaza tena.

"Mkurugenzi wako kanipigia," alisema bila kuinua kichwa. "Anasema mmepata. Nikajua anataka kuniambia umezimia."

"Tumepata."

"Sasa mbona uso umeuangusha hivyo?"

"Nimechoka."

"Umechoka tangu nikuoe. Hebu niambie, hiyo Punje yenyewe ikoje?"

Bi Mistari alikaa, akavua viatu. "Safi. Mstari wake umesimama wima, kushoto na kulia sawasawa. Nyingine zote zina mikunjo, zina makorokoro pembeni, unapima huku unakisia. Hii haikupi shida hata kidogo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mumewe aliacha kusugua. "Mimi mtu akiniletea friji, akaniambia inafanya kazi vizuri wala haina mlio wowote, kitu cha kwanza naangalia kama imechomekwa."

Bi Mistari alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza siku ile, na hakikufika mwisho. Aliokota kalamu ya mumewe, akaandika pembeni ya gazeti, juu ya matone ya oili: 1403. 2109. 0611. Akasita. Akaandika chini yake: 2907.

Tarehe ishirini na tisa, mwezi wa saba.

Alijipa moyo kwa hesabu, maana ndiyo dawa aliyoizoea. Picha ina safu elfu nne na tisini na sita. Namba zinazoweza kusomeka kama tarehe ni mia tatu sitini na kitu. Nafasi moja kati ya kumi na moja. Si ajabu hata kidogo, ni kama kukutana na mtu wa mtaa wenu sokoni. Lakini kuna kitu kingine kilichomjia bila kuitwa. Kila mwaka, mwisho wa mwezi wa saba, kulikuwa na siku moja ambayo Mzee Chekeche alikuja kazini kama kawaida, akafunga mlango wa ofisi yake, na akigongewa alisema kichwa kinamuuma. Siku gani hasa, Bi Mistari hakuwahi kuiandika. Nani aandike kichwa cha bosi?

Ijumaa asubuhi aliomba data za asili kutoka kwenye hifadhi ya wenye darubini, ng'ambo, zile ambazo hazijapita mikononi mwa Mzee. Kwa kawaida hakuna aliyejisumbua. Faili lilikuwa zito na mtandao wao ulikwenda kwa kuchechemea, na isitoshe bahasha ndiyo iliyomaliza maneno. Alikaa nalo Ijumaa yote. Jumamosi akarudi, jengo likiwa tupu, akala mkate mkavu mbele ya skrini iliyoandika asilimia sabini na moja, asilimia sabini na mbili. Saa nane mchana likakamilika. Akaifungua picha ileile, akaenda safu ya 2907.

Palikuwa peusi. Hakuna doa, hakuna mstari, hakuna kitu. Punje haikuwahi kuwepo.

Bi Mistari alilia. Hakulia kwa adabu. Alilia kwa sauti, kamasi zikamtoka, akajifuta kwa karatasi ya printa ambayo haikufaa kwa kazi hiyo. Alikuwa ameipenda ile Punje. Miezi minane aliifungua kila asubuhi kabla ya kuvua koti, kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala. Alipomaliza kulia alipiga simu, kwa sababu Jumatatu ilikuwa karibu na makala ilikuwa tayari.

Mkurugenzi alimwomba arudie namba ya safu, akairudia.

"Kwa hiyo ni mtego," alisema hatimaye. "Mtego ambao haumo kwenye bahasha."

"Ndiyo."

"Bi Mistari, naomba nikuulize kama nitakavyoulizwa mimi. Ni nani walioweza kuingiza kitu kwenye zile data kabla hazijagawiwa?"

"Wenye nywila ya ghala la data. Mzee, na mimi."

"Na laptopu ya Mzee?"

"Ilifutwa alipostaafu. Iko masjala, wanachapia barua."

Upande wa pili mkurugenzi aliandika hilo. Hakuwa mtu mbaya, na aliyoyasema baadaye yalimtoka kwa shida. "Mimi nakujua. Mimi najua huwezi. Lakini Jumatatu saa nne kamati inakaa, na hawataniuliza najua nini. Wataona mtego wa uongo, haujaandikwa na mwenye mitego, na ulikuwa umpe jina mtu mmoja. Nipe kitu cha kuwaonyesha. Chochote."

Basi mambo yakawa hivyo. Kupoteza Punje kulikuwa kumemuumiza, lakini maumivu hayo aliyafahamu. Alikuwa amepoteza vitu vingi kwenye tepe. Hili lingine lilikuwa jipya. Miaka kumi na miwili hakuwahi kuzungusha hata desimali moja, na sasa angeitwa mwongo mbele ya watu waliokuwa wanamwazima rula.

Jumapili asubuhi alikwenda kwa Mzee Chekeche, karatasi ya bahasha ikiwa ndani ya mkoba. Nyumba ilikuwa ileile, ua wa michongoma, mlango wa wavu unaokwaruza sakafu. Mke wa Mzee alimfungulia, mikono ina povu la sabuni.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda, au ni hizo nguo?"

"Ni nguo, Mama."

"Si nguo. Ingia."

Sebuleni, ukutani, kulikuwa na picha tatu za wahitimu wenye kofia, wamepangwa kwa umri. Chini yake, mezani, Mzee Chekeche alikuwa anachambua maharage kwenye sinia. Shati lake limepigwa pasi, kalamu mfukoni kama zamani. Mawe aliyaweka kushoto, maharage mabovu kulia, mazuri akayavuta kwake kwa kidole. Aliinua macho, akamtazama mgeni kwa heshima ambayo mtu humpa asiyemjua.

"Karibu, bibi. Umekuja kwa ajili ya umeme?"

"Hapana, Mzee. Nimekuja kusalimia."

"Vizuri," alisema, akarudi kwenye sinia.

Mama alimvuta mgeni wake jikoni. "Leo ana nafuu, usione vile. Hayo maharage ni yaleyale, tangu juzi. Akimaliza nayachanganya upya na mawe yake, namrudishia. Bila kazi anazunguka nyumba hadi namwonea huruma." Alisema hivyo huku anasuuza vikombe, kama anayeeleza bei za sokoni, na Bi Mistari akaona kwamba uchovu wake mwenyewe ulikuwa na dada mkubwa.

Hakujua aanzie wapi, akaamua kuuliza tu. "Mama, tarehe ishirini na tisa mwezi wa saba ni siku gani?"

Kikombe kilibaki chini ya bomba, maji yanajaa na kumwagika. Mama akafunga bomba. Akavuta stuli, akakaa.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nimeikuta kazini. Mzee aliiweka kwenye kazi."

"Ameiandika?"

"Hakuiandika. Ndiyo shida yenyewe, Mama. Aliiweka, lakini hakuiandika."

Mama alitikisa kichwa taratibu. "Asingeiandika. Hajawahi kuiandika popote." Akajifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. "Tulipata msichana, kabla ya hao watatu unaowaona ukutani. Alikaa siku nne. Jina lilikuwa bado, tulikuwa tunabishana. Picha hatukupiga, nani alijua tuna siku nne? Ikaja fomu ya kwanza, ya kazini, wanauliza idadi ya watoto. Wakati huo wa pili kashazaliwa. Mimi nikasema andika wawili. Akasema nikiandika wawili wataniuliza mwingine yuko wapi. Akaandika mmoja. Tangu siku ile, miaka arobaini na sita, kila karatasi ni hivyo. Hospitali, shule, pensheni. Watoto watatu. Mkono wenyewe umezoea, ukishafika tatu unaacha."

Bi Mistari alimweleza yote. Alimweleza Punje ilivyokuwa, kamati, saa nne ya kesho. Hakuficha kwamba ushahidi pekee aliokuwa nao sasa ni tarehe hiyo.

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo kesho watakaa kikao wamjadili mwanangu."

Sauti haikupanda hata kidogo. Bi Mistari aliona aibu hadi masikio yakamchoma. Tangu jana mchana alikuwa anatafuta cha kujiokolea, na alichokipata ni mtoto wa siku nne. Alijua angeweza kukitumia. Angesimama tu mbele ya kamati aseme tarehe, aseme kwa nini, na wote wangeinamisha vichwa, na yeye angetoka msafi.

"Hawatamjadili," alisema. "Sitalisema."

"Na wewe je?"

"Mimi nitaona."

"Utaona nini?"

Bi Mistari akabeba vikombe. Walirudi sebuleni na chai. Mzee alikuwa amefika nusu ya sinia. Bi Mistari alikaa mbele yake, akanywa, akamtazama akitenga jiwe moja dogo sana, la rangi ya harage kabisa, ambalo yeye asingeliona hata kwa miwani. Ile akili ya kuchambua ilikuwa bado imo, imekaa peke yake kwenye nyumba waliyohama wengine. Hapo alifanya jambo ambalo hakulipanga. Alitoa karatasi ya bahasha, akaiweka mezani kando ya sinia, kama alivyokuwa anaweka ripoti zake zamani, na akamuuliza kwa sauti ya kazini.

"Mzee, hii orodha imekamilika?"

Mzee Chekeche alipangusa vidole. Akaivuta karatasi. Aliisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, midomo inacheza.

"Huyu," alisema. "Huyu. Na huyu."

Kidole kikasimama chini ya mstari wa tatu. Kikakaa hapo. Mama alikuwa amesimama mlangoni, trei tupu mkononi. Mzee alikirudisha kidole juu, akaanza upya, akafika palepale, akakunja uso kama mtu anayesikia anaitwa na hajui wanamwita kutoka upande gani.

"Chekecha tena, Mzee," Bi Mistari alisema polepole.

Akamwangalia. Sekunde kadhaa alimwangalia kweli, yeye mwenyewe, mwanafunzi wake wa miaka mingi. Kisha alichomoa kalamu mfukoni. Nafasi ya kuandika ilikuwepo tele chini ya orodha, karatasi nusu nzima nyeupe. Hakuitaka. Aliipeleka kalamu juu kabisa, kwenye upenyo mwembamba kati ya kichwa cha habari na mstari wa kwanza, akaandika humo kwa herufi za kubanana, mwandiko wake uleule uliolala kushoto: *safu ya 2907*. Akaweka sahihi pembeni, kama alivyoweka kwenye kila karatasi maisha yake yote.

Trei ilitua mezani bila kelele. Mama akakaa kando ya mumewe, akaweka mkono wake juu ya mkono wenye kalamu.

"Ulimwona?" Mzee alimuuliza Bi Mistari.

"Nilimwona, Mzee. Miezi minane namwona kila asubuhi."

"Ana oksijeni?"

"Hana. Hana hata chembe."

Mzee Chekeche alitikisa kichwa, ameridhika. "Bado mchanga," alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Jumatatu saa nne kasoro dakika kumi, Bi Mistari aliiweka karatasi mbele ya mkurugenzi. Pamoja nayo alileta barua fupi iliyosainiwa na mke wa Mzee, inayosema kwamba sahihi ile ya pili iliwekwa jana nyumbani kwao, mbele yake, bila kushikwa mkono na mtu. Zaidi ya hapo barua haikueleza kitu. Mkurugenzi alisoma vyote viwili, akaisogeza karatasi dirishani kwenye mwanga.

"Huu ni mwandiko wake. Huu ningeutambua hata nikiwa usingizini." Akashusha pumzi. "Kwa hiyo aliisahau."

"Haikuandikwa," Bi Mistari alisema.

"Inatosha. Kwa kamati inatosha." Alisita, kalamu mkononi, alikuwa amefundishwa vizuri, jambo dogo lisilokaa sawa lilimsumbua. "Ila mbona kaibana huku juu, na chini pote hapa ni wazi?"

"Kwa sababu ndiyo ya kwanza."

Mkurugenzi alifikiri ni mpangilio wa kupandikiza, akaandika hivyo kwenye dokezo lake. Makala ikaondolewa asubuhi hiyo. Kuhusu idara, alisema wataona mwisho wa mwaka, na wote wawili walijua wataona nini.

Utaratibu ulikuwa kwamba picha za mitego hupigwa alama ya X kwa kalamu nyekundu na kutupwa, zisije zikamchanganya mtu baadaye. Bi Mistari alizichapa zote nne. Tatu alizipiga kalamu, moja, mbili, tatu, akazitia kwenye pipa. Ya nne aliiangalia kidogo, lile doa dogo katikati ya weusi, akaitia kwenye bahasha ya kaki na bahasha kwenye mkoba. Kule sebuleni, kushoto kwa picha tatu za wahitimu, ukuta ulikuwa na nafasi.

Kisha akavuta kiti chake chenye magurudumu manne, akafungua utepe uliofuata. Oksijeni ilikuwepo. Akaandika kwamba ipo, akafungua mwingine.